Goti Langu na Taa ya Oili

Jumapili, 2 Machi

Leo nyota yangu imewaka. Imewaka nyekundu, lakini ni nyota.

Baba mkwe ana pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupandia milima, yenye matairi manene na kiti kirefu. Nyumbani wanaiita Mbuzi, kwa sababu hupanda majabali bila kuuliza maswali. Wiki ya tatu sasa Mbuzi amesimama bandani. Kisa ni taa! Mbele ya usukani kuna taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone moja. Maana yake presha ya oili imeshuka, zima injini upesi. Sasa taa hii inawaka injini ikinguruma, inawaka injini ikinyamaza, mradi ufunguo uko wazi inawaka tu. Na oili imejaa tele. Nimeipima kwa kijiti mara tatu na kukipangusa kwa shati langu la kanisani.

Mtu mwingine angepanda akaenda zake. Baba mkwe, thubutu! Mzee alilinda mitambo ya kusukuma maji kwa miaka thelathini na mmoja. Huko walifundishwa kwamba taa nyekundu haijadiliwi. Ikisema simama, unasimama.

Basi amesimama. Goti lake la kulia halipandi kilima kwa miguu tangu lilipopasuliwa. Na huko juu ndiko iliko mizinga ya nyuki kumi na minne, aliyoianzisha marehemu mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe. Kila Jumamosi Mzee alikuwa akipanda kuitazama. Jumamosi tatu hajapanda. Anakaa barazani anakitazama kilima, chai inapoa, na ukimsemesha anajibu baada ya muda.

Leo mchana, tukiwa mezani wote, ametangaza. Umri umekwenda. Anataka mtu wa kushika shamba la juu: ufunguo wa geti, mizinga, na Mbuzi mwenyewe. Atakayempandisha Mzee Jumamosi hii, taa ikiwa inafanya inavyotakiwa, ndiye huyo.

Macho yangu na ya mwanyumba yakagongana juu ya sufuria. Mwanyumba huyu amemwoa mdogo wake mke wangu. Anauza magodoro. Lakini tangu afunge feni ya dari sebuleni kwake na isimwangukie mtu, anajiita Injinia, na watu wamekubali! Injinia akakohoa, akasema tumwite fundi.

Nikamkata kauli. Nikasema fundi wa nini na mimi nipo? Mimi nina duka la kutoa kopi. Mashine yangu ina taa tano za kuonya, zote zinawaka tangu mwaka juzi, na kopi zinatoka. Anayetaka kujua habari za taa aje kwangu.

Mke wangu aliinamia sahani, mabega yakimtikisika. Nadhani ilikuwa fahari.


Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Dakika kumi tu.

Nilifuata waya wa taa kwa kidole mpaka ubavuni mwa injini. Ukanifikisha kwenye kidude kidogo kama kizibo cha chupa, kimekazwa kama nati. Sensa ya oili. Kumbe ndiyo mpiga domo! Nikauchomoa waya. Taa, kimya.

Nikaita ukoo mzima. Mzee akaja na mkongojo wake. Hakuwasha injini. Alifungua ufunguo tu, akaitazama dashibodi, akaniuliza taa iko wapi. Nikasema imepona. Akasema haijapona. Akaeleza, polepole, kwa sauti ile ya kumweleza mtu aliyevaa shati kinyume, kwamba taa ya oili lazima iwake ufunguo unapofunguliwa, kabla ya injini. Hapo inasema niko macho. Injini ikishika, presha inapanda, taa inazimika yenyewe. Isipowaka mwanzoni imekufa, na mlinzi aliyekufa naye hapigi kelele.

Injinia alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

Nikarudisha waya. Birika likawaka. Mzee akarudi barazani kukitazama kilima. Hilo la kilima ndilo lililoniuma.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Fundi. Nimekwenda kwa siri, na nimesema swali ni la rafiki yangu.

Fundi alikuwa chini ya trekta, kwa hiyo nilizungumza na miguu yake. Miguu ikasema: fungua sensa, funga geji ya kupimia pale pale, washa injini, soma presha. Presha ikiwa nzuri, injini haina kosa, sensa ndiyo imekufa. Sensa mpya anayo kwenye droo. Kazi ya nusu saa.

Nusu saa! Nikatafakari. Sifa ya nusu saa ni sifa gani? Na tena nani alisema aitwe Fundi? Injinia. Basi Fundi akitengeneza, mshindi ni Injinia. Nife kwanza. Nikaiaga miguu. Miguu ikasema nimsalimie baba mkwe wangu. Sijui ilijuaje.

Njiani likanijia. Wazo, wazo la haja! Mzee anataka nini? Taa iwake mwanzo, halafu izimike. Hajasema nani aizime. Taa yenyewe haina habari ya nani anaizima. Inataka swichi tu.

Na swichi nilikuwa nayo nyumbani. Kwenye waya wa taa ya kitandani, upande wa mke wangu, palikuwa na kibonyezo kizuri, laini, kisicho na kelele. Nimekikata. Waya wa Mbuzi nimeuingiza kwenye kibonyezo upande mmoja, upande wa pili nimeufunga kwenye chuma cha fremu. Kibonyezo nimekificha chini ya ukingo wa kiti, mahali hasa linapokaa goti langu la kushoto. Goti likibonyeza mara moja, taa inazimika. Likibonyeza tena, inawaka. Sensa nimeiacha pale pale, haina waya, haina kazi, imestaafu.

Nimefanya mazoezi mara arobaini. Goti langu lina akili kuliko Injinia.

Mke wangu ameuliza taa yake ya kitandani imepatwa na nini. Nimesema umeme mdogo. Hakubisha. Ametazama tu suruali yangu, goti la kushoto, palipo na doa jeusi.


Alhamisi, 6 Machi

Maonyesho. Saa nne asubuhi, mbele ya banda, familia nzima.

Nikapanda. Nikafungua ufunguo: birika likawaka. Nikawasha injini, nikasubiri sekunde moja kwa ajili ya heshima, goti likafanya kazi yake. Taa ikazimika! Mke wangu akapiga makofi mawili. Mzee akatikisa kichwa juu na chini. Mimi nikajitia mnyenyekevu, jambo ambalo silizoei.

Hapo Injinia, mwenye roho ya korosho, akaomba naye ajaribu.

Salaale! Nikasema Mbuzi ameshamzoea mtu wake. Hakusikia. Akapanda. Taa ikawaka, injini ikashika, taa ikabaki inawaka. Akazima, akawasha. Akapiga honi. Akaipuliza taa kwa mdomo! Nikasogea taratibu, nikaegemea kiti kama mtu aliyechoka kusimama, goti likapenya. Taa ikazimika. Nikamwambia unaona? Mbuzi anataka mtu wake awe karibu.

Mzee akajitia kufikiri. Akaniuliza kwa nini napanda pikipiki kama mtu mwenye kiuno kibovu. Nikasema ni heshima. Akasema aha. Akamzunguka Mbuzi mara moja, polepole, mkongojo ukigonga chini. Alipofika ubavu wa kushoto akainama kidogo kufunga kamba ya kiatu. Halafu akasema vizuri sana, Jumamosi saa mbili asubuhi nimpandishe mimi.

Mimi! Injinia alikwenda kukaa peke yake kwenye ndoo.

Sasa ninavyoandika ndipo ninakumbuka kwamba viatu vya Mzee havina kamba. Lakini mtu mzima akitaka kupumzisha mgongo, nani wa kumhoji?


Ijumaa, 7 Machi

Sikupata nafasi ya kumwona Mbuzi leo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia dukani asubuhi na mapema na mitihani ya darasa zima la saba, nakala mia tatu, zote leo leo. Nikamuuliza kilichomleta kwangu na si kwa yule wa kona. Akasema baba mkwe wangu ndiye aliyempigia simu akanisifia. Mzee ananipenda kweli!

Mashine ilimeza karatasi mara kumi na tisa. Taa zote tano ziliwaka, nikazibandika karatasi ya gundi juu tukaelewana.

Mchana Fundi alipita na pikipiki yake akitokea upande wa kwa Mzee. Alinipungia mikono yote miwili, akakaribia kuingia mtaroni. Hajawahi kunipungia hata kidole. Habari za goti langu zimefika mjini, bila shaka.

Mke wangu alishinda kwa baba yake, akishona nyavu za kujikinga nyuki. Amerudi na ncha za vidole nyeusi. Nimeuliza, akasema masizi ya sufuria. Amekuwa mchangamfu mno jioni hii, anaimba jikoni.

Taa ya kitandani ya upande wangu nayo leo haiwaki. Kumbe kweli umeme ni mdogo.

Nimeandaa hotuba ya kupokea ufunguo. Dakika nne. Ya Injinia ndani yake ni sentensi moja, tena fupi.


Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote.

Saa mbili kamili. Mzee alikuwa ameshajiandaa tangu alfajiri, kofia safi, koti zito, ndevu zimenyolewa. Nikamsaidia kupanda nyuma yangu. Mke wangu, mdogo wake na Injinia walitangulia kwa miguu. Injinia alisema anataka kuwa shahidi. Nikafungua ufunguo: birika likawaka. Nikawasha, nikabonyeza kwa goti: likazimika. Safi kabisa.

Tambarare tulikwenda kwa raha. Mzee akivuta hewa, akinionyesha mti huu na jiwe lile. Nikaanza kuitamka hotuba moyoni.

Tulipoanza kupanda, birika likawaka.

Nikashtuka. Nikadhani goti limegusa vibaya. Nikabonyeza. Likazimika. Nikashusha pumzi. Likawaka! Nikabonyeza. Likazimika. Hatua ishirini, likawaka tena. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Goti langu lilikuwa likienda kama cherehani. Nyuma yangu Mzee akauliza kwa upole kama ninasikia baridi. Nikasema hapana Baba, ni barabara. Akasema aha.

Nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua: taa ile haikuunganishwa na injini. Imeunganishwa na goti langu. Sasa kama goti halijabonyeza, nani anaiwasha? Nikawaza, labda Mbuzi amekasirika. Nikawaza, labda ni marehemu mama mkwe, ambaye alikuwa ananipenda lakini hakuwahi kuniamini na mzinga wa asali. Halafu nikawaza jambo baya zaidi. Kwamba injini huenda imekufa presha kweli, pale pale, sasa hivi, na mimi ndiye niliyemng'oa mlinzi wake. Itakwama. Mzee mwenye goti bovu atakaa katikati ya kilima, mizinga anaiona na haifikii, kwa ajili yangu.

Taa ikawaka. Safari hii nilibonyeza mpaka goti likauma, na haikuzimika.

Nikazima injini. Nikashuka. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikaona bora niyanywe. Nikakiri! Nikasema Baba, nisamehe, nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwonyesha kibonyezo. Nikamwambia habari ya taa ya kitandani ya binti yake. Nikamwambia Fundi alinieleza la kufanya na nikalikataa kwa wivu. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia pia kwamba ile chupa ya asali iliyopotea mwaka jana haikuchukuliwa na Injinia.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema la asali hakuwa analijua.

Halafu akaingiza mkono katika mfuko wa koti akatoa kitu. Kibonyezo! Kizuri, laini, kisicho na kelele, na waya mwembamba uliopita chini ya kiti. Nilikitambua mara moja. Ni cha taa ya kitandani ya upande wangu.

Akanieleza, kwa sauti ile ile ya shati lililovaliwa kinyume, kwamba jana wakati nikihangaika na mitihani ya darasa la saba, Fundi alikuja akafunga geji, akakuta presha nzuri, akafunga sensa mpya. Waya wa taa ukarudi kwa sensa. Taa iliyowaka asubuhi iliwaka yenyewe na ikazimika yenyewe, kama inavyotakiwa. Iliyowaka mlimani aliiwasha yeye, na kuizima yeye kila nilipobonyeza. Akamalizia: na goti lako, mwanangu, halijaunganishwa na kitu chochote tangu jana saa tano.

Akaanza kucheka. Alianza polepole, kama maji yanayotafuta njia, halafu yakapasuka. Alicheka mpaka akavua kofia, akajifutia macho kwa kofia, akaniomba nimwonyeshe tena lile goti lilivyokuwa linakwenda. Nikamwonyesha. Akaomba tena. Mke wangu alikuwa ameteremka kuja kuona tulichokwamia. Alisimama njiani, amejishika kifua. Akaniambia pembeni kwamba hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu msiba wa mama.

Nikaona haya. Na nikafurahi pia, sitaficha. Haya na furaha kwa pamoja, ni kama kula pilipili na sukari.

Tulimaliza kilima. Injinia alikuwa ameshafika kwa miguu, amekaa kivulini, anakula chungwa langu. Mzee alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lililo mbele ya mizinga. Ni benchi la watu wawili. Alikaa upande mmoja, wa pili akauacha. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka.

Halafu Mzee akatoa ufunguo wa geti. Nikajikuta nimesimama wima, mazoea ya hotuba. Akampa mke wangu.

Kumbe jana ni yeye aliyemshikia Fundi geji na kuisoma. Ni yeye aliyekaza sensa kwa mkono wake, ndiyo yale masizi ya sufuria. Kibonyezo cha mfukoni nacho ni kazi yake. Mzee alisema katika nyumba nzima ni mmoja tu aliyekwenda kumuuliza taa inasema nini. Wengine walitaka inyamaze.

Mke wangu ndiye aliyemteremsha Mbuzi, baba yake nyuma. Mimi na Injinia tulishuka kwa miguu. Tulipofika chini ndipo akaniuliza habari ya chupa ya asali; kumbe Mzee alikuwa ameshamdokeza.


Jumapili, 9 Machi

Naandika kando ya dirisha. Chumbani hakuna taa hata moja inayowaka, na mke wangu amesema hilo si la Fundi, ni langu.

Nimetulia, nimefikiri sana, kama mtu mzima. Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa goti. Goti linaonekana, linachoka, halafu linaacha doa kwenye suruali. Mambo ya siri hayataki goti.

Leo mchana, mezani, Mzee amesimulia kisa chote mara mbili, na mara ya pili ameongeza chumvi. Wote wamecheka. Nimepewa kazi rasmi: kila Jumamosi nitapanda kwa miguu nikibeba ndoo, Injinia atabeba kopo la moshi wa kufukizia nyuki. Sawa. Mimi si mtu wa kinyongo.

Lakini wakati wanacheka, mke wangu ametaja kitu. Amesema mshale wa mafuta wa Mbuzi umekwama, unaonyesha tangi limejaa hata likiwa tupu, na kesho atamwita Fundi.

Nimemwambia asimsumbue Fundi. Mshale hautaki chochote ila kusogezwa kidogo kidogo, na nimekwenda bandani kupima mwenyewe. Kutoka kiti cha nyuma, kiwiko changu cha kulia kinafika pale pale. Kilichobaki ni swichi ya kuzungusha. Iko moja nzuri sana, ya feni ya dari, sebuleni kwa Injinia.